Gesi ya mtungi inalala chini kama mazuku

Ndugu Mhariri,

Nawasalimu kutoka Mabanga Kusini, hapa Goma. Ninaandika kwa ajili ya barua ya mama mmoja wa Himbi mliyoichapa majuzi. Alieleza vizuri jinsi jiko la gesi la kuchomea nyama lilivyomwondolea taabu ya gunia la makala, yaani makaa, moshi unaoingia katika nguo za watoto, na mbabula, lile jiko la makaa, inayopulizwa nusu saa kabla haijakubali. Hayo yote ni kweli, na mimi namuunga mkono. Lakini mwishoni akawashauri wenzake kwamba mvua ikianza wasogeze jiko barazani, wateremshe turubai upande wa upepo, waendelee kuchoma. Maneno hayo niliyasoma mara mbili, kisha nikamwita mama wa watoto ayasome naye. Mama wa Himbi simfahamu, ila ningejua kwake ni wapi ningekwenda kupiga hodi jioni ileile.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, mwaka wa 31 sasa. Milango, madirisha, fremu za pikipiki, hata chukudu, zile baiskeli zetu za mbao za kubebea mizigo, zilizovunjika vyuma vyake, vyote vinapita mikononi mwangu. Mzee aliyenifundisha kazi kule Birere hakuniruhusu kushika kiberiti kabla ya kushika sabuni. Kila asubuhi tulichovya brashi katika maji ya sabuni, tukapaka kila kiungo cha mpira wa gesi na cha chupa ya gesi, tukatazama. Pakitoa povu, hakuna kuwasha mpaka pakazwe. Nimefanya hivyo kila siku ya kazi tangu ujana wangu. Nyumbani kwangu, siku ya sherehe, sikufanya. Mtoto wa dada yangu akaungua.

Jiko lenyewe nililinunua kwa mfanyakazi mmoja wa shirika aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao Ulaya. Lilikuwa zuri: mabomba matatu ya moto chini ya wavu, kifuniko kizito cha chuma, magurudumu mawili, na kibao ubavuni cha kuwekea sahani. Kijitabu cha maelekezo kilikuwapo, lakini katika lugha ambayo hakuna anayeisoma nyumbani kwangu. Muuzaji aliniambia kwa ufupi: fungua, bonyeza, litawaka. Mtungi wa kilo 12 niliuchukua kwenye depo moja mjini. Yule kijana wa depo aliufunga juu ya pikipiki ukiwa umelala, akaufunga kwa mpira wa baiskeli, na sikumwambia kitu.

Ilikuwa Jumapili ya komunyo ya mjukuu wangu. Tuliliweka jiko katika pembe ya parsele, yaani kiwanja chetu, kati ya ukuta wa nyumba, ambao ni wa mbao kama nyumba nyingi za huku, na ukuta wa mawe ya lava. Tulipachagua kwa sababu hapapigwi na upepo. Tena pale ardhi imeshuka kidogo, kama shibiri mbili hivi, kwa maana ndipo tulipochimba mawe tuliyojengea huo ukuta. Mpwa wangu, kijana wa miaka 19, ndiye aliyefunga mpira na kufungua koki ya mtungi. Kisha akaacha, nyama ilikuwa bado inakatwa. Koki ilibaki wazi karibu saa nzima.

Mama wa watoto alipoinama kuchukua beseni la ndizi alisema, "Kuna harufu ya yai bovu hapa chini." Nikaenda. Nikasimama kando ya jiko, nikavuta hewa kwa nguvu, sikusikia chochote. Nikamwambia pengine ni mfereji wa jirani. Ningeinama kama alivyoinama yeye ningeisikia. Naomba wasomaji walishike hilo: aliyesimama hakuisikia, aliyeinama aliisikia.

Nyama ilipokuwa tayari, kijana akabonyeza kile kiwashio mara tatu, nne, hakikutoa cheche. Kifuniko kilikuwa chini muda wote, na vifungulio vya jiko alikuwa amevifungua. Akaenda jikoni kutafuta kiberiti. Akarudi, akainua kifuniko kidogo kwa mkono wa kushoto, akawasha njiti.

Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu anayekung'uta blanketi zito mara moja. Kifuniko kikaruka nyuma, na wakati huohuo moto wa rangi ya buluu ukakimbia juu ya ardhi, ukazunguka miguu yake, ukafika ukutani na kuzimika. Yote hayo kwa muda wa kufumba na kufumbua. Alikuwa na kaptura na kandambili. Nyusi zilikwenda, nywele za mbele zilikwenda, lakini palipoungua vibaya ni miguu, kuanzia vifundo mpaka chini ya magoti. Muuguzi aliyempokea aliuliza kama alikanyaga mafuta ya moto. Hakuwa amekanyaga kitu. Alikuwa amesimama ndani ya gesi kama mtu anayesimama ndani ya maji ya ziwa pale ufukweni, imemfika magotini, na haonekani kuwa yumo.

Nashukuru jirani yetu mmoja, mama mwenye akili, aliyepiga kelele "Maji! Maji tu!" wakati shangazi wa kijana alishakimbilia dawa ya meno. Tulimmwagia maji baridi ya kawaida, taratibu, dakika 20 kamili, huku tukimvua kandambili kabla hazijanata. Hakupakwa mafuta, wala yai, wala dawa ya meno, wala unga. Baadaye muuguzi alisema maji yale ndiyo yaliyoiokoa ngozi. Leo anatembea, anacheza mpira, ila mguu wa kulia umebaki na kovu linalong'aa, na mimi nikiliona huwa najua ni kazi ya nani.

Sasa nieleze kosa langu, maana naamini si la kwangu peke yangu. Gesi niliyoizoea kazini ni asetilini, ile inayotoka katika mawe ya karbiri yakikutana na maji. Asetilini ni nyepesi kidogo kuliko hewa. Ikivuja karakanani unafungua juu, inapanda, inakwenda zake. Kwa hiyo niliposimama kando ya jiko nikavuta hewa ya juu, nilikuwa ninaitafuta gesi mahali nilipozoea kuikuta. Gesi ya mtungi wa nyumbani ni propani na butani, na hizo ni ndugu wengine kabisa. Propani ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu. Butani ni nzito karibu mara mbili. Ikivuja haipandi. Inamwagika chini, inafuata mteremko, inatafuta shimo, inalala humo ikingoja.

Na sisi watu wa Goma tunaijua tabia hiyo kuliko mtu yeyote. Mtoto gani wa Bulengo, wa Lac Vert au wa Keshero hajaambiwa habari za mazuku? Mazuku ni hewa ya ukaa inayotoka ardhini kwa sababu ya volkeno zetu. Ni nzito, haina rangi, inajaa katika mabonde madogo na mashimo ya lava, zaidi usiku na alfajiri kabla upepo haujaanza kuitawanya. Mtu mzima aliyesimama wima anaweza kupita mahali ambapo mbuzi ameanguka, au mtoto aliyechuchumaa hataamka. Wazazi wetu walitufundisha kutazama panya na ndege waliokufa katika shimo kabla ya kushuka. Elimu hiyo tunayo bila kwenda shule. Basi gesi ya mtungi inatembea njia hiyohiyo ya mazuku, ikiwa na tofauti moja: mazuku huzima taa, na gesi hii huufuata moto uliko. Na haihitaji kuwa nyingi. Zikiwa sehemu 2 tu za propani katika sehemu 100 za hewa, inatosha kuwaka. Lita moja ya propani iliyo majimaji ndani ya mtungi, ikitoka, inakuwa karibu lita 270 za gesi.

(Wengine hapa mjini wanadhani gesi ya mitungi ni ile ya Ziwa Kivu. Sivyo. Ya ziwa ni methani, hiyo ni nyepesi kuliko hewa. Ya mitungi hutoka kwenye mafuta ghafi na gesi za visima vya mbali, huja kwa malori.)

Parsele zetu zinazidi kuifanya iwe hatari. Tumejenga juu ya lava, ardhi ina nyufa na mashimo, kuta za mawe zinazunguka kila upande, na nyumba za mbao zimeinuliwa kidogo zikaachwa na nafasi chini ya sakafu. Gesi ikiingia chini ya sakafu ya mbao, hapo hakuna upepo wa kuitoa. Sisi tuliokuwa hapa Januari 2002 tunakumbuka kituo cha mafuta kilicholipuka katikati ya mji siku chache baada ya lava kupita, na watu waliokuwa wamekwenda kuchota mafuta wakafa. Mvuke wa petroli nao ni mzito, nao hutambaa chini.

Kesho yake nilifungua jiko lote, kila kipande, nikalikagua kama ninavyokagua chupa za karakanani. Kwanza mpira. Nilifungua koki ya mtungi huku vifungulio vya jiko vimefungwa, nikapaka maji ya sabuni mazito kwa brashi ya kupakia rangi. Pale mpira unapoingia kwenye detanderi, yaani kile kichwa kinachopunguza nguvu ya gesi, povu likatoka. Halikutoka kwa fujo. Vilianza vipovu vidogo kama mayai ya samaki, vikakua, vikashikana, kimoja kikavimba mpaka ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kikapasuka, kingine kikaanza mahali palepale. Nilikaa nikitazama. Nikahesabu vinne kwa dakika. Huo ulikuwa uvujaji mdogo, peke yake haungejaza shimo letu. Nilipokunja mpira kwa vidole, upande wa nje wa mkunjo ulionyesha mipasuko midogo kama kisigino kikavu. Kibano kilikuwa kimekazwa kwa waya. Na ile pete ya mpira ambayo hukaa mdomoni mwa koki ya mtungi haikuwapo kabisa; hapo ndipo gesi nyingi ilipopita saa ile nzima. Depo ilinipa mtungi bila hiyo pete, nami niliupokea bila kutazama.

Kisha nikatoa yale mabomba matatu ya moto. Mawili yalikuwa safi. La tatu lilikuwa limezibwa kwa ndani na utando wa buibui, mweupe, uliokazana kama pamba, na vijiyai ndani yake. Nilidhani ni ajabu ya kwangu, mpaka kijana mmoja aliyewahi kupika kwa wageni akaniambia ni jambo linalojulikana: buibui na wadudu wengine wanapenda kuingia katika mabomba hayo jiko likikaa bila kutumika. Gesi ikikosa njia mbele, inarudi nyuma, inatokea karibu na vifungulio, inawakia mahali pasipotakiwa. Dawa yake ni waya laini au brashi nyembamba ya chupa, kila baada ya jiko kukaa muda mrefu. Dakika kumi zinatosha.

Mimi sasa nina desturi ambayo kwangu hakuna anayeruhusiwa kuiruka, hata mgeni awe nani. Sabuni kwanza, kila mtungi unapobadilishwa. Povu likitokea, koki inafungwa, hakuna kuchoma. Hakuna anayetafuta uvujaji kwa njiti ya kiberiti. Nimewaona watu wazima wakifanya hivyo mbele ya macho yangu. Kifuniko kinainuliwa wazi kabisa kabla gesi haijafunguliwa, na uso na mikono havikai juu ya wavu wakati wa kuwasha. Kinafunguliwa kifungulio kimoja tu. Kiwashio kikikataa, kifungulio kinafungwa pale pale, kabla mtu hajakwenda popote kutafuta kiberiti. Tunasubiri dakika tano, kifuniko kikiwa juu, ndipo tunajaribu tena. Hizo dakika tano ndizo alizozikosa mpwa wangu. Vivyo hivyo moto ukizimwa na upepo katikati ya kazi: funga, subiri, usiwashe papo hapo kwa sababu nyama inapoa.

Wakati wa kuzima ninaanza na koki ya mtungi, ninaacha moto ule gesi iliyobaki ndani ya mpira mpaka ufe wenyewe, halafu ndipo ninafunga vifungulio vya jiko. Ndivyo tunavyofanya karakanani pia. Mpira haubaki na kitu cha kuvujisha usiku.

Jiko limehama ile pembe. Liko katikati ya parsele, mahali palipoinuka, mita tatu kamili kutoka ukuta wa mbao, na kamba ya nguo imehamishwa. Upepo unasumbua, ni kweli, nyama inachukua muda zaidi. Mtungi umesimama wima ubavuni, haupo chini ya wavu. Usiku haulali ndani ya nyumba, umefungwa nje kwa mnyororo, palipo na kivuli na hewa. Kuhusu kuulaza, nataka wenye pikipiki wanisikie: ndani ya mtungi chini ni majimaji, juu ni gesi. Koki imewekwa juu ili itoe gesi. Ukiulaza, kinachofika kwenye koki ni majimaji, na yakipata upenyo, ule uvujaji mdogo unageuka kuwa mkubwa mara nyingi. Usimame wima njia nzima, na ukifika nyumbani uupumzishe kabla ya kuufunga kwenye jiko.

Kuna jambo la mafundi wenzangu pia, na hapa nasema kwa ukali. Detanderi ya nyumbani hutoa nguvu ndogo sana. Kwa propani, majiko mengi yanayotoka Ufaransa na Ubelgiji yametengenezwa kwa milibari 37. Detanderi ya kuchomelea vyuma inatoa bari nzima au zaidi, na bari moja ni milibari 1,000. Nimeletewa majiko mawili mwaka huu ambayo fundi fulani alifunga detanderi ya karakana "ili moto uwe mkali". Moto unakuwa mkali, ndiyo. Mpira mwembamba wa jiko haukutengenezwa kuubeba. Majiko yote mawili nilikataa kuyarudisha mpaka wenyewe wakanunua detanderi inayostahili. Pia niliwahi kuombwa nitengeneze kiungo cha kuhamishia gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo, ili mtu auze kidogo kidogo mtaani. Mtungi hujazwa mpaka karibu asilimia 80 tu, ile nafasi ya juu inaachwa ili majimaji yapate pa kutanukia jua likiwaka. Mtu anayejaza kwa kukisia gizani ataijuaje asilimia 80? Nilimrudishia pesa zake.

Mafuta ya nyama nayo. Tunapenda nguruwe hapa, na mbuzi mnene, na mafuta yanadondoka katika sinia lililo chini ya mabomba. Sinia lisiposafishwa wiki mbili tatu, siku moja litawaka lenyewe. Likiwaka usimwage maji: maji yanageuka mvuke ghafla, yanarusha mafuta yanayowaka kwa kila aliye karibu. Funga vifungulio, funga koki kama unaifikia bila kupita kwenye moto, na uwe na ndoo ya mchanga karibu. Mchanga mweusi wa lava hautugharimu kitu. Ikiwa moto uko kwenye koki ya mtungi wenyewe na hufikii kuifunga, acha kila kitu, toa watoto na wazee, waite majirani watoke pia. Nyumba za mbao zimeshikana, kimbia na jirani yako.

Narudi kwa mama wa Himbi, maana kwa ajili yake ndiyo nimechukua kalamu. Mama, baraza yenye paa, kuta pande mbili na turubai upande wa tatu, hiyo ni chumba. Gesi ikivuja humo haina pa kutokea, itashuka sakafuni na kuingia ndani kupitia chini ya mlango. Hata isipovuja, moto ukikosa hewa ya kutosha unaanza kuwa wa njano badala ya buluu, na unatoa kaboni monoksidi. Hiyo haina harufu ya yai bovu, haina harufu yoyote. Inaingia katika damu na kukaa mahali pa oksijeni. Kichwa kinauma, unasikia kichefuchefu, watoto wanasinzia kabla ya wakati wao, na watu wanasema wamechoka na sherehe. Ni hewa ileile inayowaua wanaolala na mbabula ya makala chumbani wakati wa baridi. Familia za namna hiyo sote tumewahi kuzizika. Nikiona mtu ameacha makala kwa sababu ya moshi, halafu akajifungia na gesi nyuma ya turubai, nasikitika, maana ametoka katika hatari inayoonekana akaingia katika ile isiyoonekana.

Mvua za hapa tunazijua. Zinakuja jioni, zinapiga saa moja au mbili, zinaondoka. Zikikukuta na nyama nusu, funga koki, ingiza nyama ndani, uimalizie kwenye sufuria jikoni. Wageni watakula nyama ya kukaanga mara moja, hawatakufa. Jiko liache nje linyeshewe, chuma kitakauka. Ukitaka kweli kulijengea kivuli, jenga paa juu sana, juu ya nguzo nne, bila ukuta hata mmoja, mbali na nyumba. Nguzo hizo naweza kukuchomelea.

Kwako Ndugu Mhariri nina maombi mawili. La kwanza, mtafute mtu wa kuyatafsiri maelekezo ya majiko haya kwa Kiswahili chetu na mchape hata nusu ukurasa, kwa picha: brashi, povu, kifuniko kilichoinuliwa. Vijitabu vinavyokuja navyo havisomwi na mama anayechoma wala kijana anayewasha. La pili, muwaulize wenye depo kupitia gazeti lenu kwa nini hawapaki sabuni mbele ya mteja kabla hajaondoka na mtungi. Ni brashi na kikombe cha maji. Ingefanyika siku ile, ile pete iliyokosekana ingeonekana palepale juu ya meza yao.

Na kwa msomaji yeyote aliye na jiko la namna hii ambaye hana uhakika na mpira wake: karakana yangu iko upande wa barabara iendayo Sake, mlango wa buluu wenye fremu za madirisha zimeegemezwa nje. Jumamosi baada ya saa nane mchana ninaacha kazi ya chuma. Leta mpira na detanderi, mtungi uache nyumbani koki ikiwa imefungwa. Nitakukagulia bure, na mpwa wangu ndiye atakayepaka sabuni, yeye sasa ana jicho la kuona povu kuliko mimi.

Fundi wa kuchomelea vyuma,
Mabanga Kusini, Goma